Mmempigia Simu Hata Baba Mdogo

Mheshimiwa Meneja wa Kukusanya Madeni,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi. Mimi ni yule msusi mliyemkopesha kwa simu, akanunua draya ya nywele, kisha marejesho yakachelewa. Deni silikatai. Ninachokataa ni kijana wenu mwenye sauti nzito kuwapigia watu wote waliomo kwenye simu yangu. Nimeulizia, nikaambiwa mkopaji ana haki zake: adaiwe yeye mwenyewe, kwa adabu, na siri yake isitolewe nje. Basi naomba mnisikilize.

1. Aliwapigia wateja wangu. Sasa wanakuja kuangalia nilivyokonda, na sijakonda. Mmoja alifumua nywele ambazo hazijakaa hata wiki ili nimsuke tena, kwa huruma tu. Vidole vinaniuma.

2. Alimpigia mwenye nyumba. Huyu hakuwahi hata kuitikia salamu yangu. Siku hizi ananiita mwanangu, na bomba amelitengeneza, akihofia nitahama na vitasa vyake.

3. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Alimpigia baba mdogo. Baba mdogo na baba yangu walikuwa wamenuniana tangu shamba lilipogawanywa. Hata msibani kila mmoja alikaa upande wake. Aliposikia nadaiwa, akaenda moja kwa moja kwa baba, akamwambia, "Kaka, mtoto wetu anaaibishwa nasi tupo?" Sasa wote wawili wako saluni kwangu, wamekalia viti vya wateja, wanajadili deni langu tangu asubuhi, na wanacheka. Chai yangu, sukari yangu.

Kwa hiyo nadai gharama ya chai ikatwe kwenye deni, niombwe radhi kwa maandishi, na namba za watu wangu zifutwe zote. Mkitaka kunidai, nipigieni mimi, saa za kazi, na huyo kijana aanze na shikamoo.

Nisalimieni wote hapo ofisini. Kijana mwambieni anywe maji ya moto, koo lake linakwaruza.

Ni mimi, mdaiwa wenu mwenye haki zake,
Msusi wa nyuma ya duka la dawa

Nimesahau: kabla hamjafuta namba, ipo moja iliyoandikwa "Dada Mkubwa". Naona kijana aliiruka. Tangu mama afariki, dada hapokei simu zangu. Namba yenu haijui, huenda akapokea. Mwambieni nadaiwa vibaya sana, karibu nifungwe. Ikibidi, deni liongezeni kidogo.