Gitaa Jekundu Kwenye Mnada wa Mavuno

Jumatatu, 7 Julai 2025

Vita vimetangazwa! Mama Eliona, mke wangu, kasema mama yake anahamia kwetu Marangu wiki ijayo, na chumba changu cha muziki kinatakiwa kitupu. Kitupu! Chenye magitaa saba, amplifaya nne, na pedali za kukanyaga kubadili mlio ambazo hata mimi sijui idadi yake. Nikauliza viende wapi. Akajibu viende kwa mtu anayejua kupiga. Maneno gani hayo kwa mume? Mimi napiga. Nyimbo mbili nazijua, na ya tatu inakaribia.

Baada ya Jumapili, akikuta hata waya, anamwita mtu wa vyuma chakavu.

Jumatano, 9 Julai

Nimeficha amplifaya kubwa zizini, nyuma ya majani ya ng'ombe. Ng'ombe kalamba vitufe vyote. Maziwa ya jioni yamepungua, na lawama zote kwangu.

Halafu kapita Godlove, mpiga gitaa wa kwaya ya vijana, kuulizia kama nauza lile jekundu. Yeye ana gitaa moja tu, shingo imegandishwa kwa gundi, na akipiga kina mama wanalia. Maringo tu! Nikamwambia jekundu haliuzwi hata nikifa. Ndilo roho yangu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata! Aisee, nina kichwa!

Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Watu watapeleka ndizi, mayai na kuku, na baada ya ibada vitanadiwa nje ya kanisa. Nami nitatoa gitaa jekundu. Nani agombee gitaa wakati kuna kuku? Rafiki yangu Sirili atalinunua kwa hela yangu. Na kwa kuwa mnunuzi ana ruhusa ya kumzawadia mtu papo hapo, atanizawadia mimi, mbele ya watu wote. Zawadi ya kanisani, iliyoombewa na mchungaji! Nione mke atakayeiuza chuma chakavu.

Sirili ni Mkatoliki. Nimemwambia mnadani hatuulizani dhehebu. Kakubali, ila kataka nimwazime suti yangu ya kahawia.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Mama Eliona kwamba jekundu namtolea Bwana. Akakaa chini, akalia. Nikapikiwa mtori wa ndizi na nyama ya mbavu, mabakuli mawili. Nilijisikia vibaya kidogo, kwenye bakuli la pili.

Jumapili, 13 Julai

Msaliti! Msaliti ndani ya suti yangu!

Mzee Ndelilio ndiye aliyenadi. Sirili kaanza vizuri. Godlove akapandisha, Sirili akapandisha, Godlove akajipapasa mifuko yote mpaka akaishiwa. Limekuwa letu! Mzee Ndelilio akauliza mgeni wetu anamzawadia nani. Hapo ndipo yalipoanza makofi. Vigelegele. Mchungaji kamshika mkono. Sirili hajawahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Akatazama umati, machozi yakimlengalenga, akasema anaizawadia kwaya ya vijana!

Godlove kalipokea, akalichomeka kwenye spika za kanisa, akapiga pale pale. Mungu wangu. Miaka minne nimekaa na gitaa lile chumbani, halijawahi kutoa sauti ile. Nililia kwa hasira. Si hasira peke yake, lakini hilo simwambii mtu.

Watu wakadhani nalia kwa furaha. Mama Eliona akasimama, akatangaza kwamba mumewe ameguswa, na kila Jumapili atatoa chombo kimoja kinadiwe, mpaka chumba kiishe. Kanisa zima likaitikia haleluya. Mimi pia niliitikia. Ningefanyaje?

Jumatatu, 14 Julai

Siongei na Sirili. Suti kabaki nayo, anasema inamkumbusha siku ile.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na kasoro yoyote. Kasoro ni Sirili, ana moyo laini. Jumapili ijayo linakwenda gitaa la besi, na mnunuzi nimeshampata: Jesse, fundi pikipiki, mtu mkavu, hata msibani hatoi chozi. Tena bahati iliyoje, mchumba wake yumo kwenye kwaya hiyo hiyo, anajifunza besi, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kumwona pale. Hela nimeshamkabidhi. Safari hii nalala usingizi mzuri kabisa.