Lugha Nne Juu ya Keki Moja

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa kazini! Ijumaa Bosi anateua mkuu wa kompyuta. Kiwanda chetu cha keki kina watu wawili tu wa kompyuta: mimi na Mnyoofu. (Jina nimempa mimi. Hata penseli zake hulala zikitazama upande mmoja.) Watu wawili, nafasi moja. Nusu ya ushindi ninayo tayari.

Tatizo ni skripti, ile programu yetu ndogo ya kompyuta. Ndiyo inayopokea oda na kuchapa vikaratasi vya maneno ya kuandikwa juu ya keki. Kaiandika Mnyoofu, kwa lugha moja tu ya kompyuta, na maelezo kila baada ya mistari mitatu. Hata mpima unga akiisoma anaielewa! Kazi ya namna hiyo haina mwenyewe.

Mpango: niiandike upya, na humo ndani nichomeke lugha nyingine nne. Inawezekana kabisa. Unaweka alama ya kufungua, unaandika lugha ngeni, unaweka alama ya kufunga, na skripti inaendelea na safari yake. Nikimaliza, hakuna atakayeielewa isipokuwa mimi. Mtu asiyeweza kuondolewa utamfanyaje ila kumpandisha cheo?

Mama nimeshamwambia. Kapiga simu kiwandani papo hapo, kaagiza keki ya kunipongeza. Aliyepokea oda ni Mnyoofu!

Jumanne, 4 Juni

Imekubali! Lugha ya kwanza inapanga oda kwa alfabeti. Ya pili inahesabu herufi, na maneno yakizidi upana wa keki, inakata ya mwishoni. Ya tatu inachora ua pembeni. Ya nne sikumbuki vizuri inafanya nini, lakini inatia heshima. Hata jumbe za hitilafu, zinazotokea skripti ikikwama, nimezitunga mwenyewe, kwa Kiswahili safi, ili Bosi aone mimi ni mtu wa watu.

Mnyoofu akauliza maelezo yako wapi. Nikamjibu siri ya mtungi aijuaye kata. Akasema siku mtungi ukivunjika, tutaiuliza kata. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Bosi kanunua kompyuta mpya, na asubuhi akaagiza skripti yangu ihamishiwe huko. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, nakitengeneza kichwa kifanane na cheo. Kumbe zile lugha nne niliziweka kwenye kompyuta yangu tu! Hiyo mpya haijui hata moja. Badala ya maneno ya wateja, ikachapa jumbe zangu za hitilafu.

Vikaratasi vikaenda kwa Fundi Maua, mzee wetu anayeandika kwa krimu. Miaka thelathini kazini, hajawahi kubadilisha herufi ya mteja. Akaandika alichokiona, kwa mwandiko wa kupendeza. Maharusi wamepelekewa SAMAHANI, KOSA LIKO MSTARI WA 41. Mwalimu anayestaafu: LUGHA HII HAIFAHAMIKI HAPA. Bibi anayetimiza miaka tisini: TAFADHALI ZIMA, KISHA WASHA TENA.

Keki kumi na moja! Nilimuuliza Fundi Maua kwa nini hakushtuka. Akasema watu wa siku hizi wana maneno yao, yeye ni nani awakosoe. Natamani ardhi ipasuke inimeze. Na Mama anaalika wageni.

Alhamisi, 6 Juni

Simu haikunyamaza tangu tulipofungua. Bosi alisikiliza ya kwanza kakunja uso. Ya pili akaanza kutetemeka mabega. Ya tatu alicheka hadi akashika meza. Yule bibi wa miaka tisini amecheka mpaka meno ya bandia yakatua kwenye krimu, na mwakani anataka keki ile ile. Maharusi wameweka picha mtandaoni. Oda ishirini na tatu za keki za makosa, kabla ya saa sita! Nilimwambia Bosi ndivyo nilivyopanga. Akanitazama sana.

Mchana nikaanza kuziweka lugha zangu kwenye kompyuta mpya. Tatu zimekubali. Ya nne imekataa: walioitengeneza hawaitengenezi tena kwa kompyuta za aina hii. Basi niitoe. Nikafungua skripti, nikatafuta inapoanzia. Nikatafuta tena. Siielewi skripti yangu mwenyewe!

Ikabidi nimwite Mnyoofu. Akaichapa kwenye karatasi, akachukua penseli zake za rangi, kila lugha akaipa rangi yake. Ilimchukua saa nzima. Kisha akanionyesha, bila hata kucheka (hilo ndilo lililoniuma), kwamba kazi ya lugha ya nne ilikuwa kujumlisha sifuri kwenye idadi ya keki.

Tukaitoa. Hakuna kilichobadilika.

Ijumaa, 7 Juni

Tai nyekundu. Viatu vinang'aa. Mkuu ni Mnyoofu.

Bosi aliniita kando. Akasema hata angetaka kunipandisha asingeweza, maana nani mwingine angebaki kuilea skripti ile? Nimejigongomelea ukutani kama msumari, akasema: watu watanitundikia makoti, lakini kusogea sitasogea. Nimeumia, sifichi. Akili yote ile! Mnyoofu akanipa mkono, akasema keki za makosa zinahitaji mtunga makosa, na hajaona anayenizidi. Nimeamua hiyo ni sifa.

Nyumbani sebule imejaa. Mashangazi watatu, majirani, na boksi la keki mezani. Nikakumbuka maneno aliyoagiza Mama: HONGERA MWANANGU MKUU MPYA WA KOMPYUTA. Nikafunua boksi nimefumba macho.

HONGERA MWANANGU. Basi.

Maneno yalizidi upana, lugha ya pili ikakata! Skripti yangu imefanya kazi yake sawasawa, na imenifanyia mimi. Nilimvuta Mama hadi jikoni nikamweleza ukweli. Akanifunga tai vizuri, akasema keki haijui cheo, twende nikaikate. Shangazi mkubwa akauliza sasa hongera ya nini. Mama akajibu ya kuzaliwa salama, imechelewa tu. Nyumba nzima ikacheka, na mimi zaidi ya wote. Nimekula vipande vitano.

Jumamosi, 8 Juni

Mkuu mpya keshatoa amri ya kwanza: kila skripti iwe na maelezo, mstari kwa mstari, la sivyo inafutwa. Nimekubali mara moja, tena kwa tabasamu. Maskini, hajui!

Nimekaa mezani tangu asubuhi na kipande cha mwisho cha keki. Maelezo nitayaandika yote, hakuna mstari nitakaouruka. Nitayaandika kwa lugha mpya kabisa, ninayoibuni mwenyewe. Herufi kumi na nne nimeshazipata. Mwakani mkuu ni mimi.

Mama nimeshamwambia. Yuko kwenye simu, anaagiza keki.