Maiti wa Sehemu ya Tatu

Jumatatu, 3 Novemba

Watu wa televisheni wamefika hapa Ndia Kuu. Wanatafuta nyumba ya kale ya kurekodia tamthilia: kaka na dada wanaishi nyumba moja na hawasemezani. Nimecheka peke yangu. Mimi niko chini, dada Mwanakuu juu, na hatujasemezana tangu hitma ya mama, niliposema mbele za wageni kwamba biriani yake imezidi chumvi. Na ilikuwa imezidi! Nimemwambia mwongozaji, Kenneth, kwamba nyumba ni yangu. Aichukue, mradi mimi niwe huyo kaka. Amesema atanijaribu. Nimeshachoka kama nyota wa televisheni.

Jumanne, 4 Novemba

Tatizo ni Mwanakuu. Nyumba ni yetu sote wawili. Nimemtuma jirani yetu Nabiha amwambie kesho wanakuja mafundi wa kukagua nyufa, heri ashinde kwa binamu Kisauni. Jibu: ameshukuru, atakwenda. Rahisi mno! Jioni nimefanya mazoezi ya kununa mbele ya kioo. Uso umeshazoea.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Hakwenda popote. Kamera zilipowashwa tu akashuka ngazi, leso kiunoni, akauliza ni fundi gani wa nyufa anayepakwa poda. Akanipasha mbele ya watu, toka hitma hadi ndoo zangu zinazomzibia njia. Kenneth hakumkatiza. Alipomaliza, akamwomba kwa adabu yeye ndiye awe dada wa tamthilia. Akakubali! Na mimi? Kenneth amesema nanuna vizuri, lakini nikifungua mdomo ni kama nasoma tangazo la msiba. Kaka ataigizwa na mtu mwingine. Ila kaka huyo anakufa sehemu ya tatu, itakayorekodiwa kesho, na mwigizaji wake ana safari. Maiti atafunikwa, uso hautaonekana. Nimepewa nafasi ya maiti.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelazwa sebuleni, shuka gubigubi, joto halisemeki. Azma yangu: Mwanakuu akianza kulia, nikohoe nimharibie. Akapiga magoti kando yangu. Akaanza maneno ya kwenye karatasi, kisha akayaacha.

“Fahmi,” akasema, jina langu mimi, maana kaka wa tamthilia haitwi Fahmi, “kila alfajiri nakusikia ukikohoa huko chini, nami nashindwa kushuka kukuuliza hali. Sasa nimuulize nani?”

Kikohozi kikanipotea. Nikasema chini ya shuka:

“Niko hapa, dada.”

Ukumbi mzima ukapiga kelele. Kenneth akatupa kofia chini. Mwanakuu akanifunua uso, akanichapa kofi la bega, kisha akalia kwelikweli.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimepanda juu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Tumekula sinia moja. Nilipoaga, akaniambia nije tena kesho, nisingoje kualikwa. Nimeshuka ngazi nikijifuta macho kama mtoto.

Jumamosi, 8 Novemba

Kenneth amepiga simu. Kilio kimefaa, wataifuta sauti yangu. Mwanakuu atabaki hadi mwisho wa tamthilia na jina lake litatangulia. Langu? Maiti haandikwi.

Nimewaza. Marehemu si anaweza kuwa na pacha, nami nikawa huyo pacha? Atoke Maskati, aje kudai nyumba! Ila nafasi ya dada haina budi kupungua kidogo. Nimemnong'oneza Kenneth kwamba Mwanakuu ana maradhi ya moyo, na daktari amemkataza kulia. Kashtuka sana. Jioni anakuja kumjulia hali.

Mwanakuu ananiita kutoka juu, mahamri yameiva. Nimeitikia: naja, dada yangu. Kwanza nimtafutie pacha jina.