Ndovu wa Ploti ya Mama Kasiva

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeipata nyumba! Vyumba viwili, bati zima, mfereji wake wa maji uani, mapapai, na chumba kidogo cha nyuma chenye mlango wake. Iko mwisho kabisa wa Kaloleni, pale nyumba zinapoisha na vichaka kuanza. Mwenyewe ni Mama Kasiva, nesi mstaafu anayehamia Kibwezi kwa bintiye. Nilizunguka na uso wa mtu asiyetaka kununua. Nadhani nilifaulu. Kisha nikamwona Nyongesa.

Nyongesa wa reli! Yule anayevaa jaketi lake la kung'aa hata kanisani. Alikuwa akipima uwanja kwa hatua, polepole, kama mwenye mali. Ana pesa mkononi, wameuza shamba lao Bungoma. Mimi ni karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, nina ahadi tu ya mkopo wa sacco, na lazima kwanza watume mtu wa kuithamini nyumba. Na Voi hii, tangu treni mpya ianze kusimama hapa, hata kichaka kina bei! Nikamwomba Mama Kasiva apunguze. Akasema anayepunguza ni kinyozi.

Nyumbani hakuna raha. Mulei, mwenye nyumba tunayopanga, anataka chumba chake mwisho wa mwezi, mwanawe anaoa. Mke wangu Wakesho amesema wazi: tusipopata mahali, yeye na binti yetu Wendy wanapanda Wundanyi kwa mamake, na mimi nitajua pa kulala. Hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Wakesho ni tumbo. Kumbe ni wazo! Mtu wa Bungoma akiwa Voi anaogopa nini? Ndovu!

Nikapanda baiskeli mpaka kazini. Ndovu hupita kwenye mkonge wetu wapendavyo na kuacha mizigo yao. Nikajaza gunia. Askari wa getini akauliza ni ya nini. Nikasema mbolea ya mboga. Akauliza mboga zipi, kwa kuwa anajua ninapoishi. Nikasema za baadaye.

Mama Kasiva alikuwa bado ibadani, Mungu awabariki wahubiri wa siku hizi. Nikamwaga mavi mlangoni, kando ya mfereji na chini ya mapapai. Kazi safi! Gunia lilibaki nusu, nikalisukuma chini ya kitanda chetu. Wakesho akauliza harufu ni ya nini. Nikamwambia ni mavi ya ndovu ya kuchoma, moshi wake hufukuza mbu na kila mdudu, kama afanyavyo nyanya yake. Sikudanganya hata neno moja.

Jumanne, 9 Septemba

Mama Kasiva hakuogopa. Amecheka! Amesimulia soko zima kwamba amepata ndovu mwenye adabu, anayemtembelea saa za ibada, anapita chini ya mapapai mabivu asiguse hata moja, na hukanyaga bila kuacha alama. Miguu! Mimi Danson, mtu wa kuzaliwa Taita, nimesahau miguu!

Leo alikuwa kwenye chama chake cha akina mama. Nikaaga kazini kwamba naumwa jino. Nikachukua sufuria kubwa ya Wakesho, ile ya siku za wageni, nikalowesha udongo na kugandamiza kitako chake kuanzia kichakani mpaka mlangoni. Nyayo za kupendeza. Kisha nikauvunja mpapai. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ukanilalia begani. Nikala papai moja ili ionekane ndovu amekula. Tamu ajabu. Nyumba hii lazima niipate.

Jioni Wakesho alikuta udongo mwekundu chini ya sufuria yake. Nikasema tulipika kazini. Akauliza tulipika chini ya ardhi? Nikajifanya kusinzia.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi! Nyongesa ameziona nyayo na kurudi nyuma mpaka barabarani bila kugeuka. Ameapa hawezi kulala mahali ambapo mnyama mkubwa kuliko behewa anapita mlangoni.

Mama Kasiva naye sasa anaogopa kweli. Ikifika jioni anagonga debe uani kufukuza ndovu, mwanamke mzee peke yake. Nilipomwona niliona aibu. Ilinikaa rohoni kabisa. Halafu akaniambia amepunguza bei, ikatoka.

Nimemwambia Wakesho aanze kuchagua mapazia.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtu wa sacco alikuja. Anaitwa Noah, shati jeupe, viatu vya gharama. Sikuwa nimewaza kwamba naye ana macho! Nilijaribu kumpitisha upande wa pili, nikamwonyesha bati. Akapiga picha mavi. Nikamwonyesha mfereji. Akapiga picha nyayo. Mama Kasiva, kwa ukarimu, akamwonyesha mpapai na kumsimulia hofu yake yote. Noah akawa anaandika tu.

Nikamwambia huyo ni ndovu wa mara moja. Akasema ndovu akishaonja hasahau njia.

Ijumaa, 19 Septemba

Sacco wamekataa! Eti nyumba iko kwenye njia ya ndovu, haiwezi kuwa dhamana.

Nilikaa nje ya ofisi yao nikiwaza Wundanyi. Kisha nikaingia na kumwambia Noah ukweli wote: gunia, sufuria, papai. Nilitoa jasho nikisimulia. Akanisikiliza kwa huruma. Akasema kila mwombaji wa mkopo huwa na hadithi ya kwa nini ndovu hakupita kwake, ila yangu ndiyo ya kwanza yenye sufuria. Nikamwambia akanuse chini ya kitanda changu. Akamwita askari anitoe, kwa upole.

Jumatano, 24 Septemba

Siwezi hata kuandika vizuri. Nyongesa amenunua nyumba!

Mwenzake wa kazini, mtu wa Sagalla, alimfundisha kwamba ndovu huogopa nyuki. Tundika mizinga kwenye waya kuzunguka ploti, ndovu akiisikia sauti yao anageuza. Sasa Nyongesa ametundika mizinga, amepata ujasiri, na kwa kuwa Kaloleni nzima inaogopa ploti ile, hakuna aliyeshindana naye. Mama Kasiva amempunguzia zaidi ya alivyonipunguzia mimi! Bei niliyoiteremsha mimi! Kwa bega langu mwenyewe!

Nilimwambia Wakesho ndovu ametuharibia. Akasema yeye anamjua huyo ndovu, anakoroma. Akaanza kukunja nguo za Wendy. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo cha Mulei.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumehama. Hatukupanda Wundanyi. Wakesho alizungumza na Khalayi, mke wa Nyongesa, wanaimba kwaya pamoja, na tumepewa kile chumba cha nyuma. Tunalipa kodi. Mlango wetu, mfereji ule ule, na kisiki cha mpapai mbele ya dirisha langu, kinachipua. Wakesho anaimba akifua. Wendy ana kona yake ya kulala. Wote wawili wamefurahi, na mimi nilipowaona nilifurahi pia, mpaka Nyongesa alipokuja.

Alikuja na jaketi lake. Akasema kwa kuwa mimi ni mtu wa huku, nimsaidie kila asubuhi kuzunguka ploti nikitafuta mavi ya ndovu. Nikikosa, nimwambie, ndipo atoe watoto nje. Nimezunguka leo. Nimekosa. Akanipa mkono na kunishukuru!

Siwezi kuishi hivi. Ila nimeketi mlangoni nikitazama mizinga, na nimeona jambo. Nyongesa hana ujasiri wake mwenyewe, ujasiri wote ni wa nyuki. Nyuki wakihama usiku mmoja tu, kesho yake anauza, tena kwa bei ya kutupa. Na ni moshi wa nini hufukuza kila mdudu? Gunia ninalo, chini ya kitanda, bado nusu. Kesho ni Jumapili. Nimeshamwambia Wakesho tumbo limeanza kunisumbua.