Kuugombea Ufunguo wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wake jirani yangu kaolewa, kaondoka na virago vyake. Sasa nani atabaki na mtoto? Binti ana miaka minane tu. Anarudi shule saa saba, mama yake anarudi kutoka jikoni kwa watu saa kumi na mbili. Saa tano peke yake! Nimemsikia mama mtu akisema kwenye ngazi kwamba Ijumaa atampa mtu mwaminifu ufunguo wa akiba, amwangalizie mwanawe. Mtu huyo ni mimi. Kutoka mlango wangu hadi wao, hatua sita. Kutoka kwa fundi saa, jirani mwingine anayeumezea mate ufunguo huo, hatua kumi na tisa. Hesabu haina upendeleo.

Lakini siombi. Mtu aliyeanza na nyundo ya kuazima, na leo anatengeneza sofa za mameneja, haombi. Anaombwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimehamishia kazi chumba kinachopakana na chao. Mtoto anadundisha mpira ukutani. Mara 212 kabla ya saa nane! Mpira ukidunda, mtoto mzima. Nimepigilia misumari kwa raha zangu.

Fundi saa, mnafiki yule, kamvizia mtoto kwenye ngazi, kampa saa ya mezani. Bure! Nikamwambia watoto hawali saa. Akajibu, hata sofa hawali, dada.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshona mto mzuri, nikauacha mlangoni kwao. Jina sikuandika. Mwenye akili angejua. Jioni mama mtu akamshukuru fundi saa! Naye, bila haya, akasema si kitu. Si kitu! Mto una kamba ya urembo iliyoshonewa pande zote nne!

Alhamisi, 6 Machi
Saa nane na dakika kumi na moja, mpira ukanyamaza. Nikangoja. Dakika tisa, kimya. Nibishe hodi? Fundi saa angesikia, angesema najipendekeza. Nikachukua stuli, nikauparamia ukuta unaotenganisha roshani zetu. Sentimita 140, na magoti haya! Nikaangukia upande wao. Stuli ikaangukia upande wangu.

Nikachungulia. Mtoto kalala kwenye kochi, kaukumbatia mpira. Mzima! Nilikaribia kulia. Kisha nikakumbuka kurudi.

Nikagonga kioo. Akaamka, akanitazama, akasema mama kamkataza kumfungulia mtu. Nikamwambia mimi si mtu, ni jirani. Akafikiri. Akasema, "Bibi, jirani naye ni mtu." Bibi! Nina miaka hamsini na tatu! Ila kanipitishia maji kwenye nondo za dirisha, na daftari lake nimkagulie hesabu. Kapata tisa kwa kumi. Ana kichwa.

Fundi saa akaniona kutoka uani. Akauliza kulikoni, dada. Nikasema nakagua nyufa. Akaleta ngazi, nikaikataa. Akaleta kiti, akakaa kutazama. Nimekagua nyufa kwa saa tatu na dakika arobaini. Ziko mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Jana mama mtu alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akafuta machozi na kunishika mkono. Alisema kila siku anakoroga masufuria huku roho iko nyumbani, na hakujua kuna mtu anausikiliza mpira wa mwanawe. Nikajua ufunguo ni wangu.

Leo kampa fundi saa! Nimeuliza kwa nini. Kasema, "Dada, wewe ufunguo wa nini, na njia yako unayo?" Kisha akanisihi: mpira ukinyamaza tena, nibishe tu hodi, niulize, "Upo?" na mtoto ataitika, "Nipo."

Kubisha hodi! Hata fundi saa anaweza kubisha hodi. Nimepiga hesabu upya, kosa la jana nimelipata. Stuli ilikuwa moja, na ukuta una pande mbili. Leo nimetengeneza ya pili.