Nguzo Yangu ya Kuanikia Nguo Imepewa Nambari Kumi na Nne

Kwa Bwana Gitonga,
Katibu, Kamati ya Tamasha la Sanamu za Mtaani.

Bwana Katibu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikijua hukukusudia ubaya. Mimi ni Mama Kamene wa nyumba ya mwisho, karibu na bomba la maji. Wiki iliyopita wanakamati wako walipita wakihesabu sanamu za tamasha. Walipofika uani kwangu wakaihesabu na nguzo yangu ya kuanikia nguo. Wakaizungushia kamba nyekundu, wakaipa nambari kumi na nne na kibao cha "Usiguse". Malalamiko yangu ni haya:

1. Hiyo si sanamu. Marehemu mume wangu aliichonga nikiwa na mimba ya Kamene, wakati kamba ilikuwa ikilegea na nguo kuanguka matopeni. Ina kichwa kwa sababu mkono wake haukujua kuacha mti vivi hivi. Ina masikio makubwa ili kamba isiteleze. Nasikia mumeiita "Jiji Linalosikiliza". Halisikilizi chochote, linashika shuka.

2. Kwa kukosa pa kuanika, nilitandaza blanketi juu ya simba wenu wa mabati yaliyookotwa jalalani Dandora. Likatoka na kutu. Mlinzi akanifokea kwamba naharibu sanaa, na papo hapo wageni wakaanza kulipiga picha. Mmoja aliniuliza nimelitengeneza kwa muda gani.

3. Vijana wa mtaa wa Fedha walikuja na kamera wakaniambia, "Shosho, songa kidogo, unaingia kwa picha." Nikasonga. Kisha wakaniita, "Shosho rudi, bila wewe haitoki fiti." Uani kwangu mwenyewe nasogezwa kama stuli!

4. Jumapili pasta alihubiri juu ya wanaoabudu sanamu, na macho ya kanisa zima yakanigeukia. Miaka ishirini na saba katika chama cha akina mama, leo naonekana mpagani kwa ajili ya nguzo.

Naomba basi kamba hiyo ifunguliwe kufikia Ijumaa. La sivyo, haki itendeke kikamilifu: lipeni nambari beseni langu, sufuria, na mimi mwenyewe niwe ya kumi na saba, nivishwe kibao cha "Usiguse". Halafu kamati ije ifue, maana sanaa haifui nguo.

Nisalimie mama watoto, mzee Maingi mweka hazina, na hata yule mlinzi, ambaye sina kinyongo naye sana.

Mimi mvumilivu wenu,
Mbeti Munyao (Mama Kamene)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Kamene ameingia na habari kwamba mmekubali kunirudishia nguzo. Eti aliyeichonga hajulikani, kwa hiyo nafasi yake atapewa msanii mwingine. Hajulikani na nani? Anaitwa Munyao Ndete. Alichonga twiga wa kuwauzia watalii miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina lake. Liandikeni hapo, tena kwa herufi kubwa. Kamba nyekundu iacheni, na mlinzi asibanduke. Nguo tutazivaa mbichi.