Gari la Plastiki Dukani kwa Papa Kasereka

Leo sina uso. Ule niliokuwa nao umebaki dukani kwa Papa Kasereka, hapa Shasha, ndani ya beseni la matope.

Nawaandikia mapema kabla hamjapata habari kwa mdomo wa mtu mwingine. Na wewe Furaha, kama unasoma, kaa chini kwanza. Nywele zako za bandia zimo humu.

Wengi wenu mnajua kwamba Bahati, bwana yangu, ni dereva wa lori la Papa Kasereka. Alipanda Walikale kuchukua mafuta ya mawese. Wakati wa kurudi, lori likazama matopeni karibu na Itebero, mpaka usawa wa mlango. Halafu mapigano yakafunga barabara mbele yake na nyuma yake. Wenzake wakateremka kwa miguu. Yeye akabaki, kwa sababu patron, Papa Kasereka, alimwambia abaki.

Tangu hapo analala chini ya lori. Chakula anaomba kwa wakulima wa kule. Sauti yake naipata tu pale mfanyabiashara mmoja wa Itebero anapopanda naye kilima chenye mtandao. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa. Akaniambia watu wenye bunduki walipita, wakachukua mawese yote, betri ya lori na viatu vyake. Akasema wakirudi hawatakuta kitu kingine cha kuchukua, ila yeye.

Nimeenda kwa patron mara nyingi kumwomba amruhusu arudi. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mama Neema, kamyo yangu ingine ilichomwa kule Masisi. Inabakia hii moja. Bahati akiiacha, nitakuta vyuma tupu."

Simlaumu sana. Jasho lake lote, tangu alipotoka Butembo kijana, liko kwenye lile lori. Lakini lori ni lake, na bwana ni wangu.

Sasa tuingie kwenye upumbavu.

Mnajua kazi yangu: natengeneza redio na kuchaji simu za watu, ufundi niliofundishwa na marehemu baba kule Kingi kabla hatujakimbia. Tulipokuwa kambini, mgeni mmoja aliwagawia watoto vitu vya kuchezea. Neema wangu akapata gari la vipande vya plastiki, vile vya kushikanisha kimoja juu ya kingine. Gari la kazi, rangi ya machungwa, kama yale ya watu wa umeme, na nyuma lina nafasi ya kufungia vyombo. Vyombo vyenyewe havikuwamo kwenye mfuko. Neema alicheza nalo, akachoka. Mimi sikuchoka. (Ndiyo, mimi. Mama wa watoto watatu. Jirani alinikuta nalivuta kwa kamba, akarudi kwake bila kuniambia alichokuja kuomba.)

Nilianza na sepetu ya mbele, ya kusukuma udongo. Halafu mkono wa nyuma wa kunyanyulia, wenye moteri niliyoitoa kwenye mashine ya kuchezea sidii. Halafu kile kitu chenyewe: ngoma ya kukunjia kamba, ili gari lijivute lenyewe. Moteri yake ilitoka kwenye redio ya kaseti iliyokufa.

Mwanzo ngoma ilizunguka mbio lakini haikuwa na nguvu. Ukiigusa kwa kidole inasimama. Nikaweka gurudumu dogo la meno lizungushe kubwa, na lile kubwa lizungushe lingine kubwa zaidi. Ikawa ya polepole, lakini ikavuta kiatu. Ikavuta pasi ya makaa. Gari likawa linainua matako kila likivuta kitu kizito, nikalifungia betri za redio nyuma, likatulia. Kifungo cha kuwasha na kuzima nikakiweka chini ya tumbo la gari. (Msiniulize kwa nini. Juu kilikuwa kinaharibu sura.)

Juzi nilikuwa naliangalia likivuta pasi ndipo wazo likaja. Hata lile lori kubwa linaweza kutoka vile. Kule Itebero miti haikosekani. Patron apeleke betri nyingine, na palan, ile mashine ya minyororo ambayo mafundi hunyanyulia injini. Wanaume wavibebe kwa miguu. Wafunge mnyororo kwenye mti mbele, na nyuma watengeneze mkono wa mbao wa kuinua magurudumu. Lori likitoka, Bahati arudi nalo. Likikataa, basi patron ajue limekataa, Bahati arudi bila lori. Kwangu mimi yote ilikuwa sawa.

Leo asubuhi nikajipamba. Kichwa nilikinyoa wiki hii kwa sababu ya choa. Watoto walitoka nacho shuleni, kikahamia kwangu. Lakini mwanamke wa kwetu hanyoi kichwa halafu akaenda dukani hivi hivi, ndiyo maana Furaha alinikopesha zile nywele zake ndefu za kufika mabegani. Nilipendeza. Nasema hivyo kwa sababu hakuna atakayesema tena.

Nikaenda na gari kwenye kikapu, na beseni la matope ya kandokando ya ziwa kichwani, juu ya nywele za Furaha, na ngata katikati.

Duka lilikuwa limejaa. Mizinga ilikuwa inasikika kutoka milima ya juu ya Sake, na watu walikuja kununua chumvi na sabuni kabla njia haijafungwa. Hakuna aliyeongea sana. Siku kama hizi watu wananunua huku wakisikiliza. Papa Kasereka alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu. Mke wake, Mama Kavira, alikuwa anapima sukari.

"Patron, nimekuja kukuonyesha kitu," nikasema.

"Mama Neema, kama ni ile maneno ya Bahati, nilisha kukujibu."

"Ni ile maneno. Lakini leo siombi. Leo naonyesha."

Nikaweka beseni mezani. Nikatoa gari. Akaliangalia.

"Iko kintu ya watoto hii."

"Iko kamyo yako," nikamwambia. "Na hapa ni Itebero."

Watu wakasogea. Nikafunga kamba ya gari kwenye mguu wa mizani na kusema ule ndio mti. Nikabonyeza kifungo, kisha haraka nikalizamisha gari matopeni hadi milangoni, kama Bahati alivyonieleza lile lori.

Ngoma ikaanza kuzunguka. Kamba ikakaza. Kwa muda hapakuwa na kitu, nikasikia mtu nyuma yangu akicheka kwa pua. Halafu matope yakapasuka kidogo, na pua ya gari ikajitokeza.

"Eeh, inatoka," akasema mvuvi mmoja.

Papa Kasereka akainama. Naapa aliinama, akaweka viwiko mezani na kuangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa akifungua macho. Akauliza, "Na hii mukono ya nyuma, inainua kweli?"

Ningejibu tu. Lakini nikaona kamba imepanda upande mmoja wa ngoma na inataka kutoka. Nikainama kuirudisha kwa kidole.

Nywele za Furaha zikateremka mbele. Zikaingia kwenye ngoma.

Kama ningetengeneza kitu dhaifu, kingesimama palepale. Lakini nilitengeneza kwa moyo wote. Haikuninyakua. Ilinivuta polepole, kwa adabu, kama mtu anayevuta shuka kwa mwenzake aliyelala. Nikashika meza. Ikaendelea kuvuta.

"Zima," akasema Mama Kavira.

"Kifungo kiko chini," nikajibu, na kidevu changu tayari kimegusa matope.

Nikaingiza mkono kukitafuta, nikapata matope tu. Nikajaribu kurudi nyuma. Nyuzi za kuzishikilia kichwani zikakatika moja moja, na nywele zote zikatoka kwa mara moja, nikaruka nyuma na kumkanyaga yule mvuvi. Gari sasa lilikuwa halina mzigo. Likatoka matopeni, likapanda ukingo wa beseni, likaangukia mezani na kwenda taratibu kuelekea mizani, likiburuta nywele za Furaha kama mbuzi aliyegongwa.

Kwa hiyo lilitoka. Nataka hilo lijulikane. Gari lilitoka matopeni.

Lakini hakuna aliyekuwa analiangalia. Wote waliniangalia mimi. Nilisimama katikati ya duka, uso wa matope, kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa.

Na kwetu mwanamke ananyoa kichwa akitoka kuzika.

Mama Kavira akaacha kikombe cha sukari kikaanguka. Akaweka mikono kichwani.

"Bahati," akasema. Halafu akaanza kulia kwa sauti.

Wanawake wengine wakapokea. Mmoja alikuja kunifunga kitenge kiunoni. Mwingine akanikalisha kwenye gunia la mchele na kukibana kichwa changu kifuani pake. "Lia tu, mama. Usijikaze. Ulikuja hapa unajikaza." Nilifungua mdomo kusema, matope yakaingia. Nikakohoa, na wao wakaona ni kilio. Watu wa barabarani wakaanza kuingia. Mlangoni nikasikia mtu anauliza nani amekufa, na mwenzake anamjibu kwa sauti ya chini, "Dereva wa Papa Kasereka. Bwana ya huyu mama ya radio."

Papa Kasereka alikaa chini, hapo hapo kwenye sementi, na suruali yake nzuri. Akavua kofia.

"Mimi njo nimemuua," akasema. "Aliniomba aache kamyo, nikakataa. Juu ya kamyo. Juu ya vyuma."

Akalia. Sijawahi kuona mwanaume wa umri ule analia vile, mabega yake yote yanatikisika. Na mezani moteri yangu ilikuwa bado inasaga, kamba imekwisha, gari linagonga mguu wa mizani.

Mwishowe nikatoa kichwa kifuani kwa yule mama.

"Iko muzima," nikasema. "Bahati iko muzima. Ni choa."

"Nini?"

"Choa. Kichwani. Nimekipata kwa watoto."

Yule mama aliyenikumbatia akaniachia polepole. Akafuta mikono yake kwenye kitenge, upande huu, halafu upande ule.

Papa Kasereka akasimama. Akajipangusa uso, akavaa kofia, akageukia rafu za sabuni. "Basi," akasema kwa rafu, "kama iko muzima, tumushukuru Mungu. Abakie na kamyo, na hiyo maneno ya palan tutaiangalia."

"Kama iko muzima, muite," akasema Mama Kavira.

"Mama, ile kamyo..."

"Umelia mbele ya batu hawa bote. Umesema njo weye umemuua. Unataka tulie tena mara ya pili, na hiyo mara iwe ya kweli? Muite."

Hakuna mteja aliyetoka. Hata waliokuwa wamepata chumvi yao walibaki. Patron akaangalia mke wake, akaangalia watu, akatoa simu.

Yule mfanyabiashara wa Itebero hakupatikana. Akajaribu tena na tena, mimi nimekaa kwenye gunia, matope yanakauka shavuni. Alipopatikana, patron akasema, "Mwambie Bahati aache kamyo. Achukue funguo, arudi kwa bibi yake na watoto." Kwenye neno funguo sauti ilikatika, akampa Mama Kavira simu na kuingia chumba cha nyuma.

Jibu lilikuja jioni kwa ujumbe wa sauti. Ni Bahati mwenyewe. Anakohoa bado. Anasema, "Mama Neema, kuko nini huko? Nani amekufa? Wananiambia patron iko analia kwenye simu." Halafu anasema kesho atateremka kwa miguu kuelekea Hombo pamoja na familia zinazokimbia, na viatu ameazima kwa katekista.

Ujumbe ule nimeusikiliza mpaka Neema ameniuliza kama simu imeharibika. Sijafurahi bado. Ile njia mnaijua, na mnajua nani anakaa kwenye ile misitu. Nitafurahi nikimwona.

Gari limebaki dukani. Mama Kavira analikata nywele kwa mkasi. (Furaha, kaa tu hapo chini.) Nilipokuwa natoka, patron alinifuata mpaka mlangoni. Hakuniangalia. Aliuliza, "Kwa palan, ile yangu ingetoka kweli?"

"Sijui, patron," nikamwambia. "Pengine ingetoka."

Akatikisa kichwa na kurudi ndani. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe, na mimi nilikuwa nanuka samaki.

Nilidhani yameisha. Nilipofika nyumbani nikakuta wanawake wamekaa mkekani, na kuni, na sufuria ya maharagwe. Habari iliyotoka dukani kwanza ilikuwa na miguu, ile ya pili bado inatambaa. Nikawaeleza moja moja: Bahati yuko hai, ni choa. Wengi wakaondoka, wengine wakiwa wamekasirika kidogo. Akabaki mama mzee mmoja wa Kingi, aliyezika mume na wana kabla ya kuja huku. Nikamweleza na yeye. Nikamsikilizisha hata sauti ya Bahati kwenye simu.

Akanishika mkono.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mwanzo sisi wote tunasemaga vile."

Bado yuko hapa. Anachochea maharagwe, na mimi sina nguvu ya kumfukuza mtu anayenilia vizuri hivyo.

Basi mkisikia huko Sake ao Goma kwamba kwetu kuna msiba, msije na msichange. Aliyekufa ni mimi, na ni kwa aibu tu.